Friji Moja, Watu Saba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kupanga Friji na Kuacha Kutupa Chakula

Nyumbani kwetu Dar es Salaam tuko saba: watu wazima watatu, watoto watatu wa shule, na dada anayetusaidia kazi. Kila mtu anatoka kwa saa yake na kurudi kwa saa yake, na wote tunategemea friji moja. Kwa miaka mingi kila Jumamosi ilikuwa siku ya kumwaga: wali uliochacha, mchicha uliogeuka ute, nusu ya parachichi nyeusi. Roho ilikuwa inaniuma sana, maana nimelelewa na bibi ambaye punje ya mchele ikidondoka kwenye ungo aliiokota. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na ndugu, majirani na wenzangu wa kikoba tangu tulipobadilisha mpangilio wa friji yetu.

Friji yangu inafanya kazi vizuri. Mbona chakula bado kinaharibika?

Friji haizuii chakula kuharibika, inakichelewesha tu. Bakteria huzaliana kwa kasi kati ya nyuzi joto 5 na 60 za Selsiasi. Chini ya hapo wanapunguza mwendo, lakini wapo. Kwa hiyo hata mchuzi uliofunikwa vizuri una siku zake.

Hata hivyo, kwa niliyoyaona jikoni kwangu, ubaridi si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba chakula hakionekani. Sufuria lenye mfuniko halisemi kilichomo. Nyuma yake kuna bakuli la maharage, na nyuma ya maharage kuna kipande cha samaki alichoachiwa baba. Mtu akirudi na njaa saa tatu usiku hafunui masufuria matatu. Anachukua mkate na chai, analala. Chakula kile kinatupwa siku nne baadaye, lakini kilishapotea siku ile kilipofichwa. Utaona majibu yangu mengi yanarudi hapo hapo: kinachotakiwa kuliwa kwanza kionekane kwanza.

Hivi kutupa chakula si tatizo la nchi tajiri?

Nami niliamini hivyo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotoka mwaka 2024 inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na kiasi cha asilimia 60 kilitoka majumbani. Hicho cha majumbani peke yake ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka. Kilichonishtua ni kwamba wastani wa nchi tajiri na wa nchi za kipato cha kati ulitofautiana kwa takriban kilo 7 tu. Ripoti hiyohiyo iliona pia kwamba nchi zenye joto zaidi zinaelekea kutupa zaidi nyumbani, na moja ya sababu ni kwamba joto linaharibu chakula haraka.

Na ukimwaga mchuzi, humwagi nyanya na nazi peke yake. Unamwaga na gesi iliyoupika, nauli ya sokoni, umeme wa LUKU ulioupoza, na jasho la aliyesimama jikoni.

Nianzie wapi? Sina siku nzima ya kupanga friji.

Anza na rafu moja. Chagua ile iliyo usawa wa macho, ifute, halafu iite rafu ya kula kwanza. Hapo panakaa kiporo, tunda lililokatwa, maziwa yaliyofunguliwa, nyanya iliyobaki nusu. Kitu kipya hakiwekwi hapo. Mtu yeyote mwenye njaa anaanzia rafu hiyo kabla hajauliza kuna nini cha kula.

Sisi tulianza na rafu hiyo tu. Ndani ya wiki mbili zile safari za Jumamosi kwenye ndoo ya taka zilipungua bila mtu kugombezwa. Mengine yote yalifuata baadaye.

Je, ninunue vyombo maalumu vya kupangia?

Hapana, si lazima. Unachohitaji ni chombo kinachoonyesha kilichomo. Makopo ya plastiki angavu yenye mifuniko yanatosha, hata mitungi ya kioo iliyokuwa na jamu. Ndoo za aiskrimu zinafaa friza, ila hazionyeshi kitu, kwa hiyo ziandike. Tunatumia masking tepu na maka peni: jina la chakula na siku kilipopikwa. "Maharage, Jumanne." Basi. Vyombo vya pembe nne vinakula nafasi ndogo kuliko mabakuli ya mviringo, na sufuria kubwa lenye vijiko vitatu vya mchuzi halina sababu ya kuingia kwenye friji.

Kila kitu kikae rafu ipi?

Nyama, kuku na samaki wabichi wakae rafu ya chini kabisa, ndani ya chombo chenye kingo, kwa sababu maji yake yakidondoka yasiangukie chakula kinacholiwa bila kupikwa tena. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote kwenye mpangilio. Kachumbari iliyodondokewa na maji ya kuku mbichi inaweza kuangusha nyumba nzima.

Vilivyopikwa vikae juu. Mlango ndio sehemu yenye joto zaidi kwa sababu unafunguliwa kila saa, hivyo weka huko maji, pilipili ya chupa, tomato sosi, achari, siki. Maziwa yasikae mlangoni hata kama kuna nafasi inayotosha chupa. Yasogeze ndani, nyuma kidogo. Droo za chini ni za mboga na matunda, maana zinatunza unyevu.

Usiijaze friji hadi hewa ikose njia. Ubaridi unatembea kwa hewa, na friji iliyoshindiliwa ina pembe zenye joto. Friza ni kinyume: ikijaa ndivyo inavyotunza baridi vizuri zaidi.

Kile kitufe cha namba 1 hadi 7 kina maana gani?

Namba hizo si nyuzi joto. Kwenye friji nyingi namba kubwa maana yake ni baridi zaidi, na watu wengi hugeuza kinyume wakidhani 1 ndiyo baridi kali. Lengo ni nyuzi 4 au chini kidogo kwa friji, na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa friza. Kipimajoto kidogo kitakupa jibu la kweli: kitumbukize kwenye glasi ya maji, iweke rafu ya kati, isome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango.

Kama baridi haitoshi, chunguza mpira wa mlango. Bana noti katikati ya mlango na friji. Ikichomoka bila upinzani wowote, mpira umechoka na unalipia umeme unaotoka nje. Acha pia nafasi nyuma ya friji ipumue.

Kiporo kinakaa siku ngapi?

Chakula kilichopikwa na kuwekwa baridini mapema hukaa siku tatu hadi nne. Hiyo ni maharage, nyama, mboga, mchuzi wa kawaida. Vyenye tui la nazi mimi sivipi zaidi ya siku mbili, maana nazi ikichacha inaharibu kila kitu.

Wali unahitaji maelezo yake. Mchele unaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa nje ukiwa vuguvugu, zinaamka, bakteria wanazaliana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Ndiyo maana mtu anaweza kula wali uliopashwa ukafuka moshi na bado akatapika. Cha kuangalia ni uliingia baridini saa ngapi. Wali wa usiku ukiingia mapema, kesho asubuhi unaliwa na chai kama kiporo, au mwiku kama wasemavyo watu wa Pwani. Nyumbani kwetu haulali mara ya pili.

Na hotpoti, tafadhali. Wengi tunaacha wali au pilau ndani ya hotpoti hadi asubuhi tukiamini tumeuhifadhi. Hotpoti inapoza chakula polepole, yaani inakipitisha usiku kucha kwenye joto lile lile bakteria wanalolipenda. Hotpoti ni ya kusubirisha chakula cha jioni kwa aliyechelewa kwenye foleni. Kulaza chakula si kazi yake.

Unapopasha, toa kiasi kitakacholiwa, kipashe mpaka kiwe cha moto hadi katikati, na kisirudishwe. Sufuria linaloingia na kutoka mara tano ndilo linalochacha.

Mama yangu alinikataza kuweka chakula cha moto kwenye friji. Ni kweli kinaiharibu?

Mama alikuwa na hoja: sufuria zima la mchuzi unaochemka linapandisha joto ndani na kuvipasha vilivyo jirani. Ila kusubiri mpaka chakula kipoe kabisa kwa joto letu ni kukipa bakteria nafasi. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba chakula kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na hewa ikizidi nyuzi 32, muda huo ni saa moja tu. Mchana wa Februari hapa Dar unafika huko bila shida.

Njia ya katikati ni kukigawa. Mimina chakula kwenye vyombo vidogo vyenye kina kifupi, viweke ndani ya beseni la maji ya baridi, koroga mara moja moja. Baada ya nusu saa hivi mvuke umeisha na kinaweza kuingia.

Mboga za majani zinanishinda. Mchicha haumalizi hata siku mbili.

Maji ndiyo yanayouozesha. Mboga ya sokoni imerashiwa maji siku nzima ili ionekane changa, nasi tunaifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuitupia kwenye droo. Fungua fungu, toa kamba, ondoa majani yaliyoanza kuoza kwa sababu moja linaambukiza fungu zima. Usioshe. Tandaza dakika chache likauke, kisha vingirisha ndani ya kitambaa safi kikavu au karatasi, ndipo uweke kwenye droo. Mchicha, chainizi na matembele hivyo vinanivusha siku nne hadi tano. Giligilani isimamishe kwenye glasi yenye maji kidogo kama maua.

Usiichanganye droo hiyo na ndizi, maembe, maparachichi au mapapai mabivu. Matunda haya yanapoiva yanatoa gesi iitwayo ethilini, na gesi hiyo inafanya majani yawe ya njano haraka.

Ukinunua nyingi kwa sababu Jumamosi sokoni ni bei nafuu, zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja au mbili, zipoze kwa maji baridi, kamua, fungasha kwa mlo mmoja mmoja, weka friza. Kisamvu kilichotwangwa kinapenda sana friza, na kinakuokoa siku ile umerudi umechoka.

Vitu gani visiwekwe kwenye friji kabisa?

Ndizi mbichi na mbivu zinageuka nyeusi. Nyanya zinapoteza ladha na kuwa kama pamba ndani. Zikishaiva kupita kiasi ndipo ziingie. Viazi mviringo baridini wanga wake unageuka sukari, ukivikaanga vinakuwa vyeusi na si vizuri kwa afya. Vitunguu na vitunguu saumu vinalainika na kuota ukungu, viache kwenye kapu penye hewa, mbali na viazi. Parachichi na embe viivie nje, vikishaiva ndipo friji ivizuie visizidi.

Mayai ya trei yanaweza kukaa nje siku chache, lakini ukishayaingiza baridini yabaki humo. Usiyaoshe kabla ya kuyahifadhi, maana ganda lina utando wa asili unaolizuia lisipitishe vijidudu.

Tunanunua nyama kwa wingi, na Idi ya kuchinja friza inajaa. Tuipangeje?

Kosa la kwanza ni kugandisha bonge la kilo tano. Siku unataka nusu kilo, unaliyeyusha lote, unakata, unarudisha lililobaki. Gawa siku ileile kwa kiasi cha mlo wenu, bapaza mfuko uwe mwembamba kama kitabu, toa hewa, andika tarehe. Mifuko bapa inaganda haraka, inayeyuka haraka, na unaweza kuisimamisha kama vitabu kwenye rafu ukaona kila kimoja.

Kwenye friji ya kawaida, kuku, samaki na nyama ya kusaga visizidi siku mbili vikiwa vibichi. Vipande vya nyama ya ng'ombe vinavumilia siku tatu hadi tano. Kinachozidi hapo kiende friza.

Samaki nawaombea uangalifu wa pekee, hasa jodari, vibua na nguru. Wakikaa kwenye joto, nyama yao inatengeneza histamini, inayomfanya mlaji awashwe, awe mwekundu usoni na kuumwa kichwa. Kupika hakuiondoi. Nenda ferini, kwenye soko la samaki, na ndoo yenye barafu, watoe matumbo mara ufikapo nyumbani, na usiwaache kwenye beseni wakikusubiri umalize kazi nyingine.

Kuyeyusha kufanyike ndani ya friji tangu usiku uliotangulia, au ndani ya maji baridi mfuko ukiwa umefungwa. Nyama inayoachwa juu ya meza tangu asubuhi mpaka jioni inakuwa barafu katikati na ya uvuguvugu nje.

Umeme ukikatika nifanye nini?

Usifungue mlango. Friji iliyofungwa inatunza baridi kama saa nne hivi. Friza iliyojaa inaweza kufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24. Ndiyo sababu tunajaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji. Umeme ukikatika, chupa mbili zinahamia kwenye friji na kuisaidia.

Kwa mnaosafiri: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama hadi chini ndani ya kikombe, friza iliyeyuka na kuganda tena wakati haupo, na nyama iliyomo si ya kuaminiwa hata kama sasa ni ngumu kama jiwe.

Umeme ukirudi, nyama ambayo bado ina chembe za barafu unaweza kuigandisha tena, ingawa ladha itapungua. Maziwa, samaki, wali na michuzi iliyopita muda wa saa mbili bila baridi, tupa. Usionje ili kupima. Bakteria wengi wanaougulisha watu hawabadilishi harufu wala ladha.

Ukungu ukiota, nikate sehemu hiyo tu?

Kwenye vitu vigumu kama karoti, kabichi au jibini ngumu, kata sentimita mbili na nusu kuzunguka ukungu, kinachobaki kinalika. Mkate, mtindi, jamu, mchuzi na matunda laini, tupa chote, kwa sababu mizizi ya ukungu imeshaenda mbali kuliko jicho linavyoona.

Mahindi na karanga zenye ukungu hazina mjadala. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, haionekani na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004 mahindi yaliyohifadhiwa vibaya mashariki mwa Kenya yaliugulisha watu 317 na 125 wakafariki.

Tarehe ikipita kwenye pakiti, nitupe palepale?

Soma maneno yake. Penye Best Before, tarehe inahusu ubora: biskuti au tambi zinaweza kupoteza ladha lakini si sumu. Penye Use By, tarehe inahusu usalama, na hiyo iheshimiwe. Ukishafungua pakiti, tarehe iliyochapishwa peke yake haitoshi tena. Anza kuhesabu yako.

Watoto, baba, dada, wageni. Nitawafanyaje wote wafuate utaratibu?

Dada ndiye anayeijua friji kuliko mtu yeyote nyumbani, lakini mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa. Nilikosea sana hapo. Nilipokaa naye na kumwambia, "Mdogo wangu, wewe unaona kipi kinabaki kila siku?" alinijibu bila kufikiri: tunapika wali wa watu saba, wakati Jumatano na Alhamisi wanakula wanne. Kikombe kimoja na nusu cha mchele kilikuwa kinapotea mara mbili kwa wiki, na mimi nilikuwa nahangaika na mifuniko.

Siku hizi yeye ndiye anayeamua kiasi. Kabla ya kwenda sokoni tunafungua friji pamoja, tunapiga picha kwa simu, na mlo wa Ijumaa hatuununulii kitu: tunapika kilichopo. Watoto wana kikapu chao kwenye rafu ya chini kidogo, chenye matunda na mtindi, hivyo hawavurugi kwingine. Anayeachiwa chakula, jina lake linaandikwa juu ya chombo, na asipokula mpaka kesho jioni kinakuwa cha wote.

Mwezi wa Ramadhani tunapunguza aina za futari. Mihogo, magimbi, kaimati, tambi na uji kwa siku moja ni vingi kwa tumbo lililofunga. Vikipikwa kwa zamu vinaliwa vyote.

Sina friji, au imeharibika. Vipi kuhusu vyungu viwili vyenye mchanga?

Ni chombo kizuri: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji, juu kitambaa kibichi. Mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria alikisambaza sana miaka ya 1990. Kinapoza kwa maji kugeuka mvuke, kwa hiyo kinafanya kazi vizuri penye hewa kavu kama Dodoma au Singida. Dar, Tanga na Mombasa hewa ina unyevu mwingi na ubaridi wake ni mdogo. Kitumie kwa mboga na matunda. Nyama na maziwa, nunua ya siku hiyo.

Vilivyokwisha kuharibika nivipeleke wapi?

Maganda na mboga zilizonyauka huwa tunawapa kuku, ila chenye ukungu hata wao hawapewi, maana sumukuvu inawadhuru pia. Kinachobaki kinaingia kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba, kikichanganywa na majani makavu ili kisinuke, bila nyama wala mafuta yanayoita panya. Kikienda dampo la Pugu Kinyamwezi kinafukiwa bila hewa na kutoa gesi ya methani. Nyuma ya nyumba kinakuwa udongo mweusi baada ya miezi mitatu au minne, na dada ameupanda matembele ambayo sasa tunayachuma kiasi cha mlo mmoja, jioni ileile ya kupikwa.